Mwindaji na Wajibu wa Kujifunza Shabaha



Watu waichunguzao dini ya Islam huuliza sana juu ya Sala, Saumu, ndoa na urithi. Wachache huuliza juu ya uwindaji. Hata hivyo liko swali moja katika mlango huu listahililo kujibiwa kwa urefu, kwa maana jibu lake laonyesha namna dini hii inavyoutazama uhai wa kila kiumbe. Swali lenyewe ni hili: Je, mtu akilitaja jina la Mwenyezi Mungu juu ya mshale wake au bunduki yake, kisha akampiga mnyama, amekwisha timiza yote yampasayo? Je, Bismillahi peke yake yatosha?

Twajibu kwamba Bismillahi ni sharti kubwa, wala haiachwi. Lakini mtu aitamkaye huku mkono wake haujui kulenga, ameiweka mahali pa kazi aliyoikataa kuifanya. Wajibu wa mwindaji huanza siku nyingi kabla ya kuingia porini. Huanza pale anaposimama mbele ya kibao cha shabaha na kujizoeza mpaka ajue, kwa hakika wala si kwa kudhani, kwamba akipiga atapiga anapopakusudia. Hayo ndiyo tutakayoyaeleza, kwa mafundisho ya Qur'an Tukufu na mwendo wa Mtume Mtukufu s.a.w.

RUHUSA YENYE MASHARTI

Dini ya Islam haikukataza uwindaji. Katika Sura Al-Maida Mwenyezi Mungu ameuhalalisha, nao umekuwa riziki ya watu wengi tangu zama za kale. Lakini tazama, ewe msomaji, ruhusa hiyo imezungushiwa mipaka gani. Aliye katika ihramu ya Haji haruhusiwi kuwinda mnyama wa nchi kavu. Jina la Mwenyezi Mungu sharti litajwe. Na katika Sura hiyo hiyo, pamoja na nyamafu, damu na nyama ya nguruwe, ameharamishwa pia mnyama aliyekufa kwa kusongwa koo, na aliyekufa kwa kupigwa, na aliyekufa kwa kuanguka, na aliyekufa kwa pembe ya mwenziwe, isipokuwa yule aliyewahiwa kuchinjwa.

Mwenye akili na ajiulize: kwa nini kutengwa namna hizi za kufa? Yule aliyepigwa kwa rungu hata akafa, na yule aliyechinjwa kwa kisu kikali, wote wawili wamekufa, na nyama yao huenda ni ya aina moja. Mojawapo ya yale tunayojifunza hapa ni kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu namna ya kutoa roho si jambo dogo. Mwanadamu hakupewa ruhusa ya kuua apendavyo. Alipewa ruhusa ya kujipatia chakula kwa njia maalumu, na uhai wa mnyama ni amana ambayo ataulizwa jinsi alivyoishika.

Imepokelewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aus r.a. kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alifundisha kuwa Mwenyezi Mungu ameufaradhisha wema katika kila jambo, hata katika kuua na kuchinja, na kwamba mchinjaji anapaswa kukinoa kisu chake na kumpunguzia mnyama taabu. Fikiri vizuri maneno hayo ya kunoa kisu. Kisu hunolewa kabla ya mnyama kulazwa chini. Mchinjaji akianza kutafuta jiwe la kunolea hali mnyama amekwisha katwa nusu ya koo, amekwisha kosa. Basi shabaha ya mwindaji ndiyo makali ya kisu chake. Asiyejizoeza kulenga ni sawa na mchinjaji aendaye machinjioni na kisu kibutu, akitumaini kwamba kwa bahati kitakata.

MBWA AFUNZWE, NA BWANA WAKE JE?

Katika aya ile ile inayohalalisha windo la mbwa na ndege wa kuwindia, imetajwa kwamba wanyama hao wawe wamefundishwa. Abu Thalaba Al-Khushani r.a. alipomwuliza Mtume s.a.w. juu ya jambo hili, alijibiwa kwamba windo la mbwa aliyefundishwa, aliyepelekwa kwa jina la Mwenyezi Mungu, ni halali. Lakini windo la mbwa asiyefundishwa haliliwi ila likiwahiwa kuchinjwa lingali hai.

Wanazuoni wakaendelea kuchunguza: mbwa huhesabiwa lini kuwa amefundishika? Wakasema: anapokwenda akitumwa, anaposimama akiitwa, na anapojizuia kulila windo alilolikamata. Wengine wakashika kwamba kujizuia mara moja hakutoshi, kwa kuwa huenda siku hiyo alikuwa ameshiba. Sharti aonekane amejizuia mara tatu.

Subhanallah! Ikiwa mnyama asiye na akili hakuaminiwa kutoa roho ya mnyama mwenziwe mpaka afunzwe, na mafunzo yake yajaribiwe mara kwa mara, je, mwanadamu aliyepewa akili, macho na ulimi ataaminiwaje bila mafunzo? Je, ni haki mbwa ahudhurie darasa, na bwana wake aingie porini akiwa mjinga? Aliyepiga shabaha moja akapata hana hoja. Huenda ilikuwa bahati, kama mbwa yule aliyejizuia kwa sababu ya shibe.

MASWALI YA ADI BIN HATIM R.A.

Ewe ndugu uliyeingia katika Uislamu karibuni, ujue kwamba mengi tuyajuayo katika mlango huu tumeyapata kwa sababu ya maswali ya mtu aliyekuwa kama wewe. Adi bin Hatim r.a. alikuwa mkuu wa kabila la Tai, mwana wa Hatim yule aliyesifika Arabuni kwa ukarimu. Alikuwa Mkristo, kisha akasilimu mbele ya Mtume s.a.w. Naye alikuwa mwindaji. Hakuona haya kuuliza mambo ya kazi yake, wala hakuambiwa kwamba hayo si mambo ya dini.

Aliuliza juu ya mbwa. Aliuliza juu ya mshale. Aliuliza juu ya fimbo ya kuwindia yenye ncha, ambayo Waarabu waliirusha. Akajibiwa kwamba fimbo hiyo ikimpata mnyama kwa ncha yake ikamchoma, na aliwe. Lakini ikimpata kwa ubavu wake akafa kwa pigo, huyo ni sawa na mnyama aliyekufa kwa kupigwa, asiliwe. Akajibiwa pia kwamba mnyama aliyepigwa mshale akatoweka, kisha akaonekana baada ya siku moja au mbili bila alama yoyote ila ile ya mshale wa mwenyewe, anaweza kuliwa; lakini akikutwa amezama majini, asiliwe, kwa kuwa haijulikani kama ni maji au mshale uliomwua.

Waona, ndugu yangu, jinsi uhalali wa nyama ulivyofungamana na ustadi wa mkono? Fimbo ni moja, mtu ni yule yule, na Bismillahi ni ile ile. Ikifika kwa ncha, ni chakula halali. Ikifika kwa ubavu, ni mzoga. Tofauti iko katika namna alivyoirusha. Wanazuoni wa baadaye walipoiona bunduki wakapima kwa kipimo hicho hicho, na wale walioihalalisha walisema kwamba risasi huchoma na kupenya. Basi mwindaji asiyejua kulenga huhatarisha mambo mawili kwa pamoja: humtesa kiumbe wa Mungu, na huenda akawalisha watoto wake kisichowahalalikia.

MZEE KATI YA SHABAHA MBILI

Uqba bin Amir r.a. alikuwa sahaba mashuhuri, naye aliwahi kuwa liwali wa Misri. Katika uzee wake watu walimwona akienda na kurudi kati ya shabaha mbili, akitupa mishale, akiifuata, akiitupa tena. Mtu mmoja akamwambia kwamba yeye ni mzee na jambo hilo lamtaabisha. Uqba r.a. akajibu kwamba lau si neno alilolisikia kwa Mtume s.a.w. asingejisumbua. Na neno hilo ni onyo kali juu ya mtu aliyejifunza kutupa mshale kisha akauacha ujuzi huo; kwamba huyo si katika sisi, au kwamba ameasi. Habari hii imo katika Sahih Muslim.

Ni kweli kwamba katika zama hizo upinde ulikuwa silaha ya kujilinda na adui, na onyo hilo lilihusu kwanza jambo hilo. Lakini sababu yake yamhusu kila ashikaye silaha. Ustadi wa mkono hauwekwi akiba kama fedha sandukuni. Hupungua kila siku usipotumiwa, na mwenyewe hajui kwamba umepungua. Mtu aliyekuwa hodari miaka kumi iliyopita huingia porini na sifa ya miaka kumi iliyopita, hali jicho lake na bega lake ni la leo. Uqba r.a. hakutegemea sifa yake ya zamani. Alitembea juani.

Tena katika Sahih Bukhari twasoma kwamba Mtume s.a.w. aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kulenga, akawatia moyo, akawakumbusha kwamba babu yao Ismail a.s. alikuwa mpiga mishale. Aliposema kwamba yeye yu pamoja na kundi moja, kundi la pili wakasimamisha mikono yao, wakisema watatupaje naye yu upande ule. Ndipo akawaambia watupe, naye yu pamoja nao wote. Basi asidhani mtu kwamba kwenda kwenye uwanja wa shabaha ni mchezo wa kupoteza wakati. Mtume Mtukufu s.a.w. alisimama penye uwanja huo akaubariki.

SHABAHA ISIWE KIUMBE HAI

Lakini ipo namna ya kujizoeza iliyokatazwa kabisa. Siku moja Abdullah bin Umar r.a. aliwapita vijana wa Kikureshi waliokuwa wamemfunga ndege wakimfanya shabaha, huku mwenye ndege akipewa kila mshale uliokosa. Walipomwona Ibn Umar wakatawanyika. Akawaambia kwamba Mtume s.a.w. amemlaani mtu amfanyaye kiumbe chenye roho kuwa shabaha.

Habari hii haihusu vijana wale peke yao. Mtu atokaye nyumbani na bunduki asiyoijua, akampiga paa wa kwanza amwonaye ili apime kama bunduki inapiga kulia au kushoto, amefanya nini tofauti na vijana wale? Naye amemfanya kiumbe hai kuwa kibao chake cha mazoezi. Wao walimfunga ndege kwa kamba. Huyu hakutumia kamba, lakini maumivu ya mnyama ni yale yale. Karatasi iliyochorwa duara haina damu. Kibuyu kilichotundikwa juu ya mti hakina watoto wa kunyonyesha. Mtu na ajifunzie hapo makosa yake yote, ili porini asiwe na kosa la kujifunzia.

Kadhalika Abdullah bin Mughaffal r.a. alimkataza mtu kurusha vijiwe kwa vidole, akieleza kwamba Mtume s.a.w. alikataza jambo hilo kwa sababu haliui windo wala halimwumizi adui, bali huvunja jino na kutoboa jicho. Humo mna kanuni kubwa. Silaha ambayo uwezo wake ni kujeruhi tu, pasipo kuua upesi, isitumiwe. Wazazi na wawatazame vijana wao wanaowarushia ndege mawe kwa manati kwa mchezo. Nao wawindaji wakubwa wajiulize kama bunduki yao, kwa umbali ule waliosimama, ni silaha ya kuulia au ni kijiwe cha vidoleni.

HALI YA MNYAMA ALIYEJERUHIWA

Huenda msomaji ambaye hajawinda asione uzito wa jambo hili. Basi na tueleze.

Mnyama mkubwa kama pofu au tandala hubeba moyo na mapafu yake ndani ya kifua, nyuma ya bega. Risasi ipitayo hapo humwua kwa muda mfupi sana. Mara nyingi hukimbia hatua chache tu akaanguka. Lakini shabaha ikienda nyuma kidogo, risasi huingia tumboni, na mnyama huyo huweza kuishi saa nyingi katika maumivu, akijificha kichakani hadi afe au fisi wamkute angali hai. Ikishuka chini, huvunja mguu, naye huenda akichechemea mpaka njaa au simba immalize. Kati ya kifo cha upesi na mateso ya siku mbili pana upana wa kiganja au viwili tu. Upana huo ndio unaojifunzwa uwanjani.

Tena mateso hayaishii kwa mnyama. Nyati aliyejeruhiwa huingia penye majani mazito akangojea, na anayekutana naye huenda asiwe yule aliyempiga. Huenda akawa mama atafutaye kuni, au kijana mfuata nyayo aliyeajiriwa kwa ujira mdogo. Je, damu yao itaulizwa kwa nani?

Hata kwa ndege hali ni hiyo. Huko Denmark, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wataalamu waliwakamata mabata bukini wa porini walio hai, wakawapiga picha za eksirei. Miongoni mwa ndege wazima, zaidi ya theluthi moja walikutwa na marisau ndani ya miili yao. Hao ndio waliopona. Waliokwenda kufia mbali hawakuonekana. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa kupiga kutoka mbali mno. Marisau hutawanyika yaendapo, na kadiri umbali unavyozidi huwa machache zaidi na dhaifu zaidi, hata humjeruhi ndege bila kumwangusha. Mwaka 1997 ukaanzishwa mpango wa kuwafunza wawindaji kulenga na kukadiri umbali, na miaka iliyofuata idadi ya ndege wenye marisau ikapungua sana. Marisau hayakubadilika tabia. Watu walifundishwa, na viumbe wakapumzika.

Huko Norwe, sheria humtaka mwindaji wa wanyama wakubwa afanye mtihani wa shabaha kila mwaka kabla ya kuwinda. Kwanza hupiga risasi 30 za mazoezi. Kisha hupiga risasi 5 kwenye picha ya mnyama kwa umbali wa mita 100, na zote 5 sharti ziingie ndani ya duara lenye upana wa sentimeta 30. Nne hazitoshi. Tena cheti cha mwaka jana hakimfai mwaka huu. Je, hili halifanani na mafundisho ya Uqba bin Amir r.a. na mbwa aliyejaribiwa mara tatu? Ikiwa serikali ya watu imeona haja ya jambo hili, mwenye kuamini kwamba ataulizwa Siku ya Kiyama hapaswi kungoja askari wa serikali amlazimishe.

Wala hatuna haja ya kutazama Ulaya tu. Wahadzabe waishio karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, humpa mtoto wa kiume upinde mdogo angali na umri wa miaka michache, naye hushinda akilenga shabaha pamoja na wenzake. Afikapo utu uzima, mkono wake umekwisha kurudia kazi hiyo mara zisizohesabika. Aliyeupata uwindaji kwa wazee wake ameupata pamoja na nidhamu yake. Hatari iko zaidi kwa yule aliyeipata silaha dukani jana, bila mwalimu.

NAMNA YA KUJIZOEZA

Mwindaji Mwislamu na ashike mambo haya.

Kwanza, awe na ruhusa ya sheria ya nchi yake. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania huuruhusu kwa leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Bismillahi haimhalalishii mtu wizi wa wanyama.

Pili, aijue silaha yake. Bunduki ipigwe kwenye kibao mpaka ifahamike inapiga wapi, na irekebishwe. Ikianguka au ikisafirishwa njia mbaya, ipimwe tena kabla ya kutumiwa. Mishale iwe imenyooka na vigumba vyake vikali.

Tatu, ajizoeze kwa namna atakavyowinda. Apigaye akiwa ameegemea meza asidhani ataweza vivyo hivyo akiwa amepiga goti, mapigo ya moyo yakimwenda mbio baada ya kupanda kilima. Ajifunze kushusha pumzi, kutulia, na kufyatua polepole bila kuishtua silaha.

Nne, aujue mpaka wake. Umbali ambao hupata kila mara, huo ndio umbali wake. Na umbali ambao hupata mara na kukosa mara, si wake. Kuchomoza kwa pembe nzuri hakuongezi mpaka huo hata hatua moja.

Tano, ajifunze kuacha. Mnyama akiwa amegeuka vibaya, au amesimama mbele ya wenzake, au jua limekuchwa kiasi kwamba atakosa mwanga wa kumfuatia, ashushe silaha. Kushusha silaha ni sehemu ya ustadi.

Sita, akipiga na mnyama akaenda, amfuate. Aende penye alama ya damu, asubiri inapopasa, asichoke upesi. Aliyeanza jambo la kutoa roho hana ruhusa ya kuliacha nusu.

UDHURU MBILI

Mtu mmoja atasema: Mimi ni maskini, na risasi ni ghali. Nikizipoteza kwenye vibao, nitawindia nini? Udhuru huu wastahili kusikilizwa, kwa maana si wa dharau. Lakini tumwulize: risasi iliyopotea ni ipi? Ni ile iliyomfundisha kosa lake, au ile iliyoingia tumboni mwa mnyama aliyetoweka, ikampa yeye mikono mitupu na mnyama mateso? Tena mazoezi mengi hayahitaji risasi. Mtu aweza kushika bunduki tupu, aliyoihakikisha kuwa tupu, akaielekeza mahali salama, na kujizoeza kutulia kila jioni. Mshale hutupwa na kuokotwa. Kunyatia mpaka afike karibu hakununuliwi. Na asiyeweza hata hayo, na aache kupiga kwa mbali. Njaa ya leo haimpi haki ya kutesa bila faida.

Mwingine atasema: Kupata na kukosa ni kadari ya Mungu. Huyu ameichukua imani njema akaifanya mto wa kulalia. Mtu alipomwuliza Mtume s.a.w. kama amfunge ngamia wake ndipo amtegemee Mungu, au amwache wazi na kutegemea, alijibiwa kwamba amfunge kwanza, kisha ategemee. Kamba ya mwindaji ni mazoezi. Akiisha kufunga, matokeo ni ya Mwenyezi Mungu. Asiyefunga, asimsingizie Mola wake.

Na kama mchunguzi atauliza: Je, si afadhali dini ingekataza uwindaji kabisa? Twamjibu kwamba wako watu ambao riziki yao ni hiyo, na dini ya maumbile haiwafungii watu mlango wa chakula. Lakini imeuweka mlango huo mbali na mchezo na ukatili. Imepokelewa katika mkusanyo wa An-Nasai kwamba hata shomoro aliyeuawa bure bila faida atamshtaki mwuaji wake mbele ya Mungu Siku ya Kiyama. Dini inayompa shomoro haki ya kushtaki haiwezi kuitwa dini ya ukatili.

NENO KWA WOTE

Ndugu msomaji, huenda wewe huna bunduki wala upinde. Lakini ziko kazi nyingi ambazo ndani yake mikono yetu hugusa uhai wa wengine. Dereva hubeba abiria, mkunga hupokea mtoto, na mhubiri hujibu swali la mtu atafutaye haki. Mhubiri ajibuye bila kusoma aweza kuujeruhi moyo wa mchunguzi hata akaenda nao mbali, asionekane tena. Kila mmoja ana kisu chake cha kunoa, na wakati wa kukinoa ni kabla ya kazi.

Lakini tusikimbilie mifano tukamsahau mnyama mwenyewe. Yeye hana ulimi wa kutuomba tujizoeze. Hatasimama barazani kulalamika kwamba tulikuja bila kujitayarisha. Hajui kwamba tumelitaja jina la nani juu yake. Lakini Yule tuliyelitaja jina Lake anamjua, Ndiye aliyemwumba, naye anajua pia kama wiki ile iliyotangulia tulikwenda kwenye uwanja wa shabaha au tulikaa kivulini tukitegemea bahati. Tulitajapo jina Lake juu ya silaha, twamshuhudisha juu ya matayarisho yetu. Na asimame mtu mbele ya Shahidi huyo akiwa mkono wake umekwisha fundishwa.

Mwenyezi Mungu atujalie kuwa wenye huruma kwa kila alichokiumba, atupe riziki ya halali kwa njia zilizo safi, na atuepushe na uvivu ujifichao nyuma ya maneno matakatifu. Amin.